Mwambie Tu Kwamba Kumepambazuka: Mbinu za Kumfundisha Mwanafunzi Mwenye Ulemavu Chuoni

Katika Madina ya Mtume Muhammad (S.A.W.) walikuwako waadhini wawili wa alfajiri. Mmoja ni Bilal, anayejulikana na kila mtu. Wa pili ni Abdullah bin Umm Maktum, ambaye hakuwa akiona. Sasa, asiyeona atajuaje kwamba alfajiri imeingia? Riwaya inaeleza kwamba hakuwa akiadhini mpaka watu wamwambie kumepambazuka. Basi, ni hilo tu. Hakuna aliyempokonya adhana kwa kumwonea huruma, wala hakuna aliyesimama ubavuni kumsomea maneno aliyokwisha kuyahifadhi. Kazi ilibaki yake nzima, na kile kipande kimoja kilichohitaji macho ndicho walichompa wenzake.

Nimeanza na kisa hiki kwa sababu kila mtoto wa Lamu aliyekalia mkeka wa chuoni amekisikia, pamoja na kisa cha sura ya 80, Abasa: bwana huyo huyo alikuja kutaka kufundishwa wakati Mtume anazungumza na wakubwa wa Makureshi, akageuziwa uso, na aya zikateremka kulaumu jambo hilo. Kwa mwalimu, awe wa dini yoyote, hicho ni kisa cha darasani. Mwanafunzi mwenye ulemavu amekuja na hamu ya elimu, saa ambayo mwalimu ana shughuli na watu wazito. Wahadhiri wangapi tumo katika aya hizo kila muhula?

Haya ninayoyaandika nawaandikia wanaofundisha vyuoni: katika tawi la chuo cha utabibu cha KMTC hapa Lamu, Chuo Kikuu cha Pwani kule Kilifi, Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa, na kwingineko wanakopelekwa vijana wa Amu, Shela, Matondoni, Pate, Siyu, Faza na Kizingitini. Wengi wenu mmeambiwa kwamba kumfundisha mwanafunzi asiyeona au asiyesikia ni jambo geni, lenye vyombo vya bei na wataalamu kutoka mbali, na kwamba kabla ya hivyo kufika hakuna la kufanya. Sikubaliani na maneno hayo. Lamu ina shule mbili za kale ambazo, zikiunganishwa, zinakupa zaidi ya nusu ya mbinu utakazohitaji, na karibu zote ni za bure.

Shule ya kwanza ni chuo. Angalia neno lenyewe. Kwa Kiamu cha zamani chuo ni kitabu, na wingi wake ni zuo. Chuo hicho hicho ni mahali pa kusomea Qurani. Na ndicho tulichokiongezea "kikuu" tukapata jina la mahali unapofundisha. Shule ya pili ni karakana: gati la Matondoni penye kuundwa majahazi, kibaraza cha fundi wa nakshi, nyumba ya mshona ngozi wa Siyu. Chuo hufundisha kwa sikio na ulimi. Karakana hufundisha kwa jicho na mkono. Mwanafunzi asiyefikiwa na moja, mara nyingi hufikiwa na nyingine.

Anza na maneno

Kabla ya mbinu yoyote ya ubaoni, rekebisha ulimi. Kiswahili kiliwaweka kipofu, kiziwi, kiwete na kilema katika ngeli ya kiti na kikapu. Watu wengi siku hizi huona uchungu kwa hilo, na wana haki. Lakini sikiliza sarufi inavyomalizia: tunasema "kipofu amekuja", wala si "kipofu kimekuja". Hata pale jina lilipokuwa la ngeli ya vitu, upatanisho ulikataa kumnyima mtu utu wake. Leo sema mwanafunzi asiyeona, mwanafunzi asiyesikia, mwenye ulemavu wa miguu, mwenye ulemavu wa ngozi. Neno "zeruzeru" liache kabisa. Na usidhani unajua zaidi ya mwenyewe, kwani wako wasiosikia wanaojiita viziwi kwa fahari, na chama chao kule Tanzania, CHAVITA, kimelibeba neno hilo ndani ya jina lake. Kwa hivyo uliza.

Namna ya kuuliza ni muhimu kama swali lenyewe. Usimuulize mbele ya darasa. Usianze na "tatizo lako ni nini?" Mwite kando, au mfuate alipo, mpe salamu yake kamili kama unavyompa mtu mwingine, sabalkheri, habari za nyumbani, habari za safari, kisha umuulize: "Mwanangu, wewe husoma vipi ukaelewa vizuri? Shule ulikotoka walikuwa wakikufanyia nini kikakusaidia, na nini kilikuwa kikikukera?" Maswali hayo yatakupa katika dakika kumi mambo ambayo hakuna semina itakayokupa. Mwanafunzi aliyefika chuo kikuu akiwa haoni amekwisha kuwa bingwa wa kusoma bila macho. Mchukue kama bingwa.

Mazungumzo hayo yawe na yeye, si na mama yake. Nasema hivi kwa heshima zote kwa kina mama wa kwetu, ambao ndio waliompigania mtoto mpaka akafika hapo. Lakini aliyejiandikisha ni mtu mzima. Akipenda mama ama kaka aingie katika mazungumzo, atasema mwenyewe.

Methali ya "hujafa hujaumbika" iwe mbele ya macho yako unapoongea naye. Tunaitumia kumkanya anayecheka kilema, lakini ndani yake mna falsafa pana kuliko makanyo. Inasema kuumbwa kwa binadamu hakujakwisha mpaka siku ya kufa, kwa hivyo hakuna aina mbili za watu, wazima upande mmoja na walemavu upande wa pili. Mwili wako wa leo ni wa leo. Watu wengine wa asili duniani wana fikra za jamaa na hizo: Wamaori wa New Zealand, kwa mfano, wana neno takiwātanga kwa usonji, lililotungwa na mtaalamu wa lugha Keri Opai, lenye maana ya mtu kuwa katika wakati wake na nafasi yake mwenyewe. Mwalimu aliyelielewa neno hilo hataendesha darasa sawa na asiyelielewa.

Sitaki hata hivyo tujidanganye kwamba mila zetu ni asali tupu. Pwani hii hii imewahi kuueleza ulemavu kwa jini, kwa kijicho, kwa adhabu ya dhambi ya mzazi. Wako watoto waliofichwa ndani ili wageni wasiwaone. Na iko huruma ya sadaka, ile ya kumpa mtu sarafu mlangoni pa msikiti kila Ijumaa bila kumuuliza kama angependa kusoma. Mwanafunzi aliye mbele yako pengine amepita katika yote hayo. Ukimpa alama za bure kwa kumhurumia, umemrudisha mlangoni pa msikiti.

Yachukue haya kutoka chuoni

Sauti kwanza. Chuoni kila kitu hutamkwa. Maalimu hutamka, mwanafunzi hurejesha, maalimu husahihisha herufi moja moja. Ndiyo maana pwani yote, na katika nchi zote za Kiislamu, wamekuwako watu wasioona waliohifadhi Qurani nzima na kuwa walimu wa wengine. Taha Hussein wa Misri, aliyepoteza macho utotoni, alianzia katika chuo cha kijijini kama hivyo, akapita Al-Azhar, akapata udaktari wa chuo kikuu cha Kairo mwaka 1914, na mwaka 1950 akawa waziri wa elimu.

Kwa hivyo, mhadhiri, tamka unachokiandika. Acha "hii ukiigawa kwa hii unapata hii". Sema: "Mia mbili gawanya kwa nane, ishirini na tano." Acha "kama mnavyoona kwenye slaidi". Mwenye kuona atakisoma, asiyeona umemwacha nje. Kama kuna mchoro, ueleze kwa mpangilio mmoja: juu kwenda chini, au kushoto kwenda kulia, na usiruke. Sentensi nne za kueleza mchoro wa moyo zitawasaidia hata wale walioukodolea macho bila kuuelewa. Kama kuna mfano wa plastiki, mfikishie mkononi kabla ya somo, akiwa na muda wa kuupapasa polepole, si wakati darasa zima linasubiri.

Maandishi yatoe siku mbili tatu kabla ya mhadhara, na yatoe yakiwa maandishi. Hapa nataka kukaa kidogo, maana ndipo tunapokosea sana. Tumezoea kupiga picha ukurasa wa kitabu na kuirusha katika kundi la WhatsApp, tukaona tumefundisha. Simu ya mwanafunzi asiyeona ina programu ya kusoma skrini kwa sauti, lakini programu hiyo ikifika kwenye picha ya ukurasa hukutana na picha tu, haina la kusoma. Ndivyo ilivyo pia kwa PDF iliyotengenezwa kwa kuskani fotokopi. Chapa maandishi yako kwenye Word. Vichwa vya sehemu vitie kwa ile mitindo ya vichwa iliyomo ndani ya Word, usivikoleze tu kwa wino mzito, ili msomaji aweze kuruka kutoka kichwa hadi kichwa. Picha iandikie maelezo. Jedwali liwe sahili. Na kama maandishi ni ya Kiswahili, weka lugha ya waraka iwe Kiswahili, la sivyo mashine itakisoma Kiswahili kwa matamshi ya Kiingereza, na mwanafunzi atasikia vurugu. Kwenye kompyuta, programu ya NVDA ni ya bure kabisa, na sauti ya eSpeak inayokuja nayo ina Kiswahili. Iweke kwenye kompyuta yako wewe, fumba macho, ujaribu kusoma waraka wako mwenyewe. Dakika tano zitatosha kukuonyesha kasoro zake.

Vitabu vya maktaba ni mlima mwingine. Kenya ilijiunga na Mkataba wa Marrakesh mwaka 2017, unaoruhusu taasisi zilizoidhinishwa kutengeneza nakala za nukta nundu, za sauti au za kidijitali kwa wasioweza kusoma chapa ya kawaida, bila ya kumwomba ruhusa mwenye hakimiliki. Msimamizi wa maktaba akikujibu kwamba haki za mwandishi zinazuia, mweleze hilo kwa upole na uombe kitabu kianze kushughulikiwa muhula kabla ya kozi.

Jambo la pili la kuchukua chuoni ni mwendo. Ingia chuo chochote katika mtaa wa Langoni au wa Mkomani usikilize: mmoja yuko Alifu, wa pili yuko juzuu ya Amma, wa tatu anakaribia kuhitimu, wote mkeka mmoja, mwalimu mmoja. Hakuna anayeambiwa amechelewa kwa kuwa mwenziwe yuko mbele. Lakini pia hakuna anayehitimishwa kwa huruma. Ukikosea herufi, unarudishwa. Mambo hayo mawili, mwendo wa kila mtu na kipimo kimoja kwa wote, vyuo vikuu vimeyatenganisha, vikaweka saa mbili za mtihani kwa kila mtu kana kwamba kasi ya mkono ndiyo elimu. Anayeandika kwa nukta nundu, au ambaye mikono yake hutetemeka, mpe muda wa ziada. Anayeweza kujibu kwa mdomo, mtahini kwa mdomo, akiwepo mtahini wa pili na sauti ikirekodiwa, ili asije mtu baadaye akasema alipendelewa. Maswali yawe yale yale. Alama ya kufaulu iwe ile ile. Badilisha njia ya kufikia jibu, kipimo usikiguse.

Chuo kilipomwacha mtu nje

Shule inayofundisha kwa sikio humwacha asiyesikia nje ya mlango. Huo ndio ukweli, na hatuna budi kuukiri. Wakati asiyeona alipata heshima ya hafidhi, asiyesikia mara nyingi hakupata kitu chuoni, akaitwa bubu, akapelekwa kufanya kazi za mikono. Na huko kwenye kazi za mikono ndiko alikokutana na ualimu wa kweli.

Mtazame fundi wa nakshi anavyomfundisha mwanagenzi. Haongei anapochonga. Anachonga ua moja, mwanagenzi anatazama patasi inavyolala na nyundo inavyogusa. Kisha anaweka chombo chini, ndipo anaeleza, kwa maneno au kwa vidole. Kisha anampa kipande cha mbao, naye anamtazama. Onyesha, nyamaza, eleza, mpe ajaribu. Mpangilio huo ndio unaomfaa mwanafunzi asiyesikia katika maabara, wodi, na karakana ya umeme, kwa sababu macho yake hayawezi kuwa mahali pawili. Mhadhiri anayefunga bandeji huku anaongea anamlazimisha achague: atazame mikono ya mhadhiri au mikono ya mkalimani. Chochote atakachochagua, amepoteza nusu ya somo. Sekunde thelathini za kunyamaza unapoonyesha zinatosha kuondoa tatizo hilo lote.

Usimwambie asome midomo. Simama mbele ya kioo, useme bila sauti: papa, baba, mama. Midomo haitaonyesha tofauti yoyote. Mtu anayefuata mhadhara wa saa mbili kwa midomo anabahatisha sehemu kubwa ya maneno na kuchoka vibaya. Kama anatumia Lugha ya Ishara ya Kenya, ana haki ya mkalimani. Ibara ya 7 ya Katiba ya 2010 inaiagiza serikali kuikuza lugha hiyo pamoja na nukta nundu, na ibara ya 120 imeifanya kuwa mojawapo ya lugha tatu rasmi za Bunge. Mwombee mkalimani kwa maandishi, mapema, kupitia mkuu wa idara, na uweke nakala ya barua.

Akija mkalimani, kuna adabu zake. Zungumza na mwanafunzi, umtazame yeye. Usiseme "mwambie kwamba". Mkalimani akae karibu na wewe ili mwanafunzi aone wote wawili kwa pamoja. Mpe orodha ya istilahi siku moja kabla, kwani maneno kama "shinikizo la damu" au "mkondo wa umeme" pengine yeye na mwanafunzi wataafikiana ishara zake asubuhi ile. Ukiuliza swali darasani, hesabu mpaka kumi kabla ya kumchagua mjibu, maana tafsiri hufika nyuma kidogo, na mwanafunzi wako atakuwa anajua jibu wakati mwenziwe amekwisha kulisema. Mwombee pia mtu wa kumwandikia muhtasari. Huwezi kutazama mikono na kuandika kwa wakati mmoja.

Viti vipange duara. Mviringo wa darsa za msikitini, halaqa, ulikuwa na hekima yake: kila mmoja anamwona kila mmoja. Usisimame umelipa dirisha mgongo, uso wako utakuwa kivuli. Usiongee ukiwa umeelekea ubao. Anayetaka kusema ainue mkono kwanza, ili asiyesikia ajue atazame wapi.

Na unaposahihisha maandishi yake, kumbuka kwamba Lugha ya Ishara ina sarufi yake, mbali na Kiswahili na mbali na Kiingereza. Insha yake imeandikwa katika lugha ya pili au ya tatu. Kama unapima fiziolojia, pima fiziolojia.

Njia ya kufikia darasa

Mhadhiri aliyezaliwa bara huenda asijue kwamba ratiba ya mwanafunzi wa Kizingitini ama Faza huandikwa na mwezi. Maji ya bamvua yanapotoka, boti haifiki gatini, na abiria huteremka majini na kutembea kwenye matope. Mwenye magongo au kiti cha magurudumu atafanya nini hapo? Atangoja maji yajae, au atabebwa begani na mtu asiyemjua. Njia ya Mkanda, kati ya Manda na bara, nayo hutii maji. Kwa hivyo kalenda ya maji iwe ukutani mwa ofisi yako. Mtihani wa saa mbili asubuhi siku ya bamvua unaweza kuwa umemfelisha mtu kabla hajaliona swali. Panga kwa kushauriana naye, au mtafutie mahali pa kulala karibu usiku ule.

Mji wenyewe hauna magari ya kumfikisha mlangoni. Kuna vichochoro vya watu wawili wawili, ngazi za mawe, punda waliobeba mchanga. Kwa asiyeona, mji huu si mgumu kama mgeni anavyodhani: ana harufu za maduka ya Usita wa Mui, upepo wa baharini, mwangwi wa kuta, madaka ya kuegemea. Kinachomsumbua ni baiskeli iliyoachwa leo mahali ambapo jana hapakuwa na kitu. Vivyo hivyo darasani. Ukihamisha meza, mwambie. Ukimwelekeza, usiseme "kule"; sema "upande wa bahari, hatua kama ishirini, kisha ngazi tatu".

Na madaka hayo yana somo kwa wajenzi wa vyuo. Wahenga walijenga viti vya mawe mbele ya nyumba, kila baada ya hatua kadhaa, na mzee, mja mzito, mgonjwa, wote hupumzika bila kuomba. Majengo yetu mapya yana korido ndefu zisizo na pa kukaa. Benchi ni kitu cha fundi seremala na siku moja.

Ghorofa ndiyo kesi kubwa. Niliwahi kuona, katika chuo kimoja, kijana akibebwa na wenzake wanne mpaka ghorofa ya pili kila asubuhi, wote wakicheka na kufanyiana utani, na walimu wakisifu upendo huo. Siku moja nilimuuliza mwenyewe. Akaniambia amepunguza kunywa maji, ili asije akahitaji kushushwa chooni katikati ya somo. Tangu siku ile sikubali tena sifa za kubebana. Kama chumba kiko juu na mwanafunzi yuko chini, darasa lishuke. Watu arobaini wenye miguu ndio watakaopanga upya safari yao, si yeye mmoja.

Penye kizingiti, tengeneza rampu. Kipimo kinachotumika duniani ni 1 kwa 12: kizingiti cha sentimita 30 kinataka rampu ya mita 3.6. Ikiwa fupi kuliko hivyo, itakuwa ya kumpindulia mtu. Lamu ina mafundi wanaounda jahazi zima bila ya ramani. Mpe mmoja wao kipimo hicho na mbao, aitie na ukingo pembeni ili gurudumu lisitoke. Na kiti cha magurudumu usikishike wala kukisukuma bila kumuuliza mwenyewe. Asiyeona naye usimvute mkono. Mpe kiwiko chako akishike, utangulie nusu hatua.

Mwenzi wa kumsaidia amchague yeye. Asiwe mmoja daima, maana msaada ukimwelemea mtu mmoja hugeuka deni, na deni humfunga mdomo anayesaidiwa. Watatu wanne kwa zamu ni bora.

Wale ambao hujawajua

Sensa ya 2019 ilihesabu asilimia 2.2 ya Wakenya wenye miaka 5 na zaidi kuwa na ulemavu. Shirika la Afya Duniani linakadiria asilimia 16 ya watu wote duniani. Sehemu ya tofauti hiyo inatokana na namna ya kuuliza, na sehemu nyingine ni watu waliojificha. Katika darasa lako wamo: mwenye kifafa, anayesikia kwa sikio moja, mwenye ugonjwa wa akili anaotibiwa kimya kimya, na yule ambaye herufi humchanganyikia tangu darasa la kwanza na kila mwalimu amemwita mvivu. Siku ya kwanza tangaza kwa wote, kwa sauti ya kawaida: "Yeyote mwenye jambo la mwili au la akili linaloathiri masomo yake, nipo saa fulani, mahali fulani, na halitatoka kwangu bila ridhaa yake." Rudia wiki ya nne, kwani wengi husubiri kukupima kwanza.

Mtu akishikwa na kifafa darasani, ondoa viti karibu naye, tazama saa, mlaze ubavu, usimtie kitu mdomoni wala kumshika kwa nguvu. Ikizidi dakika 5, ni hospitali. Asiletwe mtu wa kumsomea na kumchapa wakati huo. Akizinduka, akute uso mmoja anaoujua, si duara la simu zinazorekodi.

Ugonjwa wa muda mrefu nao umo humu. Mwana Kupona binti Msham alitunga utendi wake maarufu karibu na mwaka 1858 akiwa mgonjwa, kwa ajili ya binti yake, na kazi hiyo imesomwa kwa zaidi ya karne moja na nusu. Anayekosa wiki tatu kwa matibabu mpe njia ya kurudi.

Kuhusu sheria nitasema kidogo, kwa kuwa mwalimu mwema haisubiri. Ibara ya 54 ya Katiba inampa mtu mwenye ulemavu haki ya kufikia vyuo vilivyounganishwa na jamii, majengo, vifaa na mawasiliano yanayomfaa. Kenya iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa haki hizo mwaka 2008, na Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya 2003 imepata mrithi wake mwaka 2025. Mwanafunzi wako akiwa hajajiandikisha na Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu, msaidie kufanya hivyo.

Hapa Lamu tumewahi kubishana kuhusu nani anastahili kukaa darasani. Mwishoni mwa karne ya 19 Habib Saleh, mtu wa Ngazija, aliwafungulia darsa zake wale ambao wakubwa wa mji hawakutaka wasomeshwe, wakiwemo waliotoka katika utumwa. Alilaumiwa. Msikiti wa Riyadha aliouacha bado unafundisha mpaka leo, upande wa Langoni, na Maulidi yake huleta watu kutoka pwani yote. Miongoni mwa wajukuu wa waliokataliwa wako watu wa elimu sasa.

Basi, mwalimu mwenzangu, kabla muhula haujaanza chukua orodha ya darasa lako, ukutane na kila aliyekwambia ana ulemavu, na umuulize swali moja: katika kozi hii, ni kipande kipi hasa unachotaka nikupe mimi? Akikujibu, kiandike. Na leo hii, kabla ya ofisi kufungwa, peleka barua kwa anayepanga vyumba, umwombe chumba cha chini.